Ndege Iliyotembea na Mikoko Yake

"Anko, mbona ndege inatembea na mikoko yake?"

Mpwa wangu alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ukingo wa meza ya sebuleni, macho usawa wa kitambaa. Mimi nilikuwa naisogeza Henri Farman yangu, ndege ndogo ya mchezo wa vita wa mezani, kutoka mdomo wa Kikunja kwenye delta ya Rufiji kurudi Mafia. Ndege yenyewe imesimama juu ya mguu wa plastiki angavu, na chini ya mguu kuna kitako cha duara ambacho, niseme kweli, nilikuwa nakionea fahari. Matope ya kahawia. Kijito kinachong'aa kwa vanishi. Mikoko ya makumbi ya nazi, iliyokatwa kwa mkasi na kupakwa kijani kilichokolea. Kila aliyefika nyumbani alikisifia kitako kabla hajaisifia ndege.

Nikaivusha ndege juu ya Mfereji wa Mafia. Mikoko nayo ikavuka.

Mtoto hakungoja jibu, alikwenda zake kutazama katuni. Swali lake ndilo lililobaki, na wiki zikapita bila mimi kugusa brashi.

Kitu kisichokanyaga

Wanaocheza michezo ya vita ya mezani wanajua kwamba kitako cha askari hakina utata. Askari anakanyaga ardhi, basi unampa ardhi: mchanga kidogo, jiwe moja, majani makavu. Meli unaipa bahari na povu kwenye omo. Ndege je? Ndege haikanyagi kitu. Chochote utakachokiweka chini yake, itabidi ikiburute meza nzima.

Wengine wanapaka kitako rangi ya anga. Wengine wanazungushia mguu pamba ili iwe wingu. Pamba siipendi kabisa; baada ya miezi michache ya vumbi la Dar es Salaam, wingu linageuka kitambaa cha kufutia sahani.

Watengenezaji wa michezo wamelikwepa swali kwa kuegemea upande wa matumizi. Wings of War, uliotoka mwaka 2004, ulikuja kuwa na ndege za skeli ya 1/144, yaani ndogo mara 144 kuliko ndege halisi, zinazosimama juu ya vijiti angavu unavyovipachika kimoja juu ya kingine, na idadi ya vijiti ndiyo kimo. Blood Red Skies wa mwaka 2018 una akili zaidi: ndege inainama juu ya mguu wake. Pua juu, uko kwenye nafasi nzuri. Pua sawa, uko katikati. Pua chini, adui amekuzidi. Huhitaji karatasi wala dadu kukumbuka hali yako. Unatazama tu.

Hapo kitako kimekuwa chombo cha kusomea, na kwangu hilo ni kazi nzuri kuliko miti. Lakini michezo yote miwili ni ya ndege kupigana na ndege. Rufiji haikuwa hivyo.

Rufiji haikuwa na mapambano ya angani

Habari ya Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha kwenye delta ya Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, wengi mnaijua, sitaianza Zanzibar na kuzama kwa Pegasus, meli ya Waingereza. Kinachonihusu mimi ni kwamba upande wa Wajerumani haukuwa na ndege hata moja pale deltani. Kazi kuu ya ndege za Waingereza ilikuwa kuona. Kwanza kuitafuta meli iliyojificha kwenye vijito, kisha kuwaambia wapiga mizinga makombora yao yanaangukia wapi.

Na hata kuona kulikuwa shughuli. Mwishoni mwa 1914 rubani wa kiraia, Cutler, aliruka na ndege ya majini ya Curtiss hadi akaishia mikononi mwa Wajerumani. Mwaka 1915 zikaja Sopwith, na joto la pwani likazishinda zikaanza kuachana viungo. Zikafuata ndege za Short zilizoweza angalau kupiga picha. Mwezi Juni zikafika Henri Farman na Caudron, ndege za magurudumu, zikawekwa kwenye uwanja uliosafishwa Mafia.

Kwa hiyo ile pembetatu ya kulengea bunduki, inayochorwa kwenye vitako vingi vya ndege za kivita, kwangu haina kazi. Ninachohitaji kujua ni mwangalizi anaona nini.

Ilinichukua muda mrefu kufika kwenye sentensi hiyo, ingawa ukiisoma sasa inaonekana ya wazi.

Sentimita 12

Nilichukua kalamu nikapiga hesabu ambayo ningeweza kuipiga siku ya kwanza.

Ndege yangu ni ya skeli ya 1/144. Mabawa ya Farman halisi yalikuwa na upana wa mita 16 na kidogo, hivyo mezani ni sentimita 11. Mguu una urefu wa sentimita 12. Ukizidisha kwa 144 unapata mita 17.

Mita 17! Mnazi mrefu unafika 30. Kitako changu chenye mikoko mizuri kilikuwa kinasema rubani anapita chini ya makuti.

Tuseme ndege iko mita 600 angani. Naitumia namba hii kwa ajili ya hesabu tu. Kwa skeli ya 1/144 mguu ungetakiwa kuwa na urefu wa mita 4 na zaidi, ningelazimika kutoboa dari. Sasa geuza swali. Kama sentimita 12 ndizo mita 600, basi ardhi iliyo chini ina skeli ya 1/5000. Ndege inabaki kubwa ili tuione na kuipenda, lakini dunia chini yake ni ndogo sana.

Kwa skeli hiyo Königsberg, meli ya mita 115, ina urefu wa sentimita 2.3. Upana wake ni kama milimita 2 na nusu. Hiyo ni njiti ya kiberiti iliyokatwa katikati.

Severn na Mersey, manowari za kina kifupi zilizokuwa zimeagizwa na Brazil kwa ajili ya mito yake kabla Waingereza hawajazichukua, ni sentimita 1.6 kila moja. Na walipigana na Königsberg wakiwa umbali wa karibu kilomita 10. Kwa 1/5000 hiyo ni mita 2.

Meza yangu ina urefu wa mita 2 na kidogo.

Niliinuka nikatembea hadi jikoni nikarudi. Mapigano yote yanaingia mezani bila kudanganya mtu, na kazi ya kuonyesha ardhi haikuwahi kuwa ya kitako. Ni ya kitambaa. Nikachukua kitambaa cha marekani, nikakipaka maji ya kahawia, kijani cha mikoko kikiwa madoa, fungu za mchanga rangi ya krimu upande wa bahari. Kitako kikabaki na jukumu moja: kutoniziba nisione.

Kivuli kilichonikimbia

Kabla sijaenda kununua chochote nilishikwa na wazo lingine. Kama kitako ni angavu, si nichore juu yake kivuli cha ndege? Kingependeza, na kingeonyesha ndege iko juu ya wapi hasa.

Hesabu ikalikataa. Kwanza, kwa 1/5000 kivuli cha Farman ni milimita 3, doa la inzi. Pili, mwezi Julai jua la mchana Rufiji liko kaskazini, nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Ndege ikiwa mita 600, kivuli chake kinaangukia mita 346 kusini, yaani karibu sentimita 7 mezani. Kitako changu kina nusu kipenyo cha sentimita 2.5. Kivuli kingekuwa nje ya kitako, juu ya kitambaa, peke yake.

Nikakiacha. Lakini kuna jioni bado nakitamani.

Vitu vya mtaani

Akriliki huhitaji kuagiza nje. Mafundi wa mabango wanaikata kila siku na vipande vinavyobaki wanavitupa au wanakuuzia kwa bei ya soda. Niliomba duara za sentimita 5, unene wa milimita 3. Fundi aliyenikatia ndiye pia aliyenionya kuhusu supaglu: mvuke wake unaacha ukungu mweupe juu ya akriliki, na ukungu huo hautoki kwa kufuta. Tumia gundi ya epoksi iliyo angavu, au skrubu.

Sumaku ndogo zinapatikana kwenye spika za masikioni zilizokufa. Moja chini ya tumbo la ndege, nyingine juu ya mguu, na ndege inang'oka kwa vidole viwili ukitaka kuihifadhi. Weka alama ya wino upande uleule wa kila sumaku kabla ya kuzibandika, la sivyo utapata ndege inayousukuma mguu wake mwenyewe.

Kwa Farman mahali pa sumaku panataka kufikiriwa. Injini na panga boi viko nyuma ya mabawa, na mkia umeshikwa na fremu ya vyuma vyembamba. Uzito uko nyuma kuliko macho yanavyokuambia. Ilazie ndege kwenye wembe wa rula hadi isimame sawa, hapo ndipo pa sumaku.

Mguu wenyewe je? Watu wengi wanataka kijiti cha akriliki kwa sababu "hakionekani". Kinaonekana sana. Kijiti cha milimita 4 kinashika mwanga wa taa na kung'aa kama bomba la maji. Waya wa chuma wa milimita 1 uliopakwa kijivu hafifu unapotea kuliko hicho. Usiniamini mimi, viweke vyote viwili mezani usiku uwashe taa.

Mbao za MDF nilizotumia zamani sizirudii. Unyevu wa pwani unazivimbisha pembeni, na rangi inapasuka.

Uzito, na tundu

Hapa ndipo nilipokwama kweli.

Ndege yenye uzito wa gramu 20 juu ya mguu wa sentimita 12 inataka kuanguka. Duara la akriliki la saizi niliyotaja lina gramu 7. Kitovu cha uzito kinakaa karibu sentimita 9 juu ya meza, na ukiinamisha kitu hicho nyuzi 16 tu kinalala. Kiwiko cha mchezaji kinatosha, au feni.

Kwenye vitako vya zamani uzito unaufichia chini ya matope na mikoko: washa mbili tatu, zile pete bapa za chuma za kuwekea bolti, au chubwi za wavuvi zilizopondwa kwa nyundo. Kwenye akriliki hakuna pa kuficha. Akriliki ya milimita 10 inaongeza uzito, lakini inapinda mwanga na kitambaa chini yake kinaonekana kimelowa. Nikaanza kufikiri kwamba uzuri na utulivu havitakaa pamoja, na nilikuwa tayari kurudi kwenye mikoko ya makumbi na kumwambia mpwa wangu ndivyo ilivyo.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilikuwa natafuta skrubu ndogo. Juu ya kaunta kulikuwa na kopo la washa kubwa, zile za bolti ya milimita 24. Nikaishika moja. Upana milimita 44, unene 4, uzito gramu 30 na ushee. Nikaitazama tundu lake.

Milimita 25.

Njiti yangu ya Königsberg ni milimita 23.

Sikununua moja, nilinunua za ndege zote. Nyumbani nikabandika duara la akriliki juu ya washa kwa epoksi, nikalisimamisha juu ya kitambaa, nikatazama kutoka juu. Kijito cha rangi kikaonekana ndani ya tundu, na ukingo wa chuma ukiwa umekizunguka. Nikaingiza nusu njiti ya kiberiti chini yake. Ikaenea, omo hadi tezi, na ikabaki nafasi ya unywele.

Kitako kimekuwa dirisha. Kanuni ya mchezo ikajiandika yenyewe: meli imeonekana pale inapoingia yote ndani ya tundu. Ikitokeza nje, umeona kitu fulani kati ya miti, hujui ni nini, zunguka tena.

Na ule utulivu? Kwa washa, kitovu cha uzito kimeshuka hadi sentimita 4 na kitu. Sasa inavumilia nyuzi 27. Feni imeshindwa, kiwiko bado.

Ukingo wa washa niliupiga msasa, nikaupaka kijivu kisichong'aa. Juu ya akriliki nilichora kwa sindano mstari wa mbele, na mistari miwili ya pembeni inayoonyesha upande ambao mwangalizi anaona vizuri. Unajaza mikwaruzo kwa rangi nyeupe, unafuta juu kwa kidole, rangi inabaki ndani tu. Mistari ya Farman ni mipana kwa sababu injini iko nyuma na watu wamekaa mbele kabisa. Ya Caudron ni finyu: injini na panga boi viko mbele yao. Ndege mbili, vitako viwili tofauti, na mchezaji anaelewa tofauti bila kusomewa kitabu.

Nakipenda kitako hiki kuliko kile cha mikoko. Wageni hawakisifii kabla ya ndege. Hata hawakioni, na nimeridhika.

Kilicho chini ya kijani

Kuna jambo dirisha lile halikulitatua, liliniongezea.

Ukitazama kupitia tundu la milimita 25 ukitafuta njiti ya kiberiti, kila kisicho njiti kinakuwa kijani tu. Nadhani ndivyo marubani walivyoiona delta. Lakini kijani kile kilikuwa na wenyewe. Watu walilima mpunga pale na wakavua. Boriti za mikoko ya Rufiji zilisafiri kwa majahazi hadi Ghuba kujenga dari za nyumba za watu. Meli ilipokwisha kuzama, mizinga yake kumi ilitolewa ikapelekwa kupigana nchi kavu kwa miaka mingine, na ilipohitaji kuvutwa ilivutwa na mabega ya watu ambao vita haikuwa yao. Mmoja wa mizinga hiyo upo Fort Jesus, Mombasa. Watoto wanaukalia wapigwe picha.

Nilijiuliza kama napaswa kuucheza mchezo huu kabisa. Sijapata jibu safi. Nilichofanya ni kuongeza nyumba. Nyumba ya mita 5 kwa 1/5000 ni milimita 1, kitone cha ncha ya sindano. Nimeviweka vitone hivyo kandokando ya vijito, rangi ya udongo, na kanuni inasema kombora likiangukia karibu na kitone, aliyelipiga anapoteza alama. Wachezaji walilalamika kwamba mchezo umekuwa mgumu. Ndiyo, umekuwa mgumu.

Antena

Mguu wa waya ulinitosha hadi nilipofika tarehe 11 Julai 1915.

Shambulio la kwanza, tarehe 6, lilikuwa limeshindwa kuimaliza meli. Siku ya 11 rubani Cull na mwangalizi wake Arnold walikuwa juu na Farman, Arnold akituma alama za Morse kwa simu ya upepo kuielekeza mizinga ya Severn. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Wakaanza kushuka bila injini kuelekea Mersey, na katika kushuka kule Arnold akaendelea kutuma masahihisho: makombora yanapiga mbele, sogezeni nyuma. Ndege ikapinduka majini. Cull alinaswa ndani, Arnold akamsaidia kutoka, wote wawili wakaokolewa. Königsberg haikuiona jioni ile kama meli. Mabaharia wake waliilipua wenyewe.

Unaichezaje hiyo kwa mguu usiobadilika? Unaweza kuweka dadu pembeni, 5, 4, 3. Lakini mimi nilishasema nataka kitako kinachosomeka kwa kutazama tu.

Fundi redio wa mtaani kwetu ana ndoo ya antena za redio zilizokufa, zile zinazovutwa. Kwenye kisigino cha antena kuna tundu la skrubu, kwa hiyo hakuna gundi: skrubu ya milimita 3 inapita kutoka chini ya akriliki, kichwa chake kimezamishwa ndani ya akriliki ili njiti ipite. Kinaziba katikati ya dirisha kidogo, ila meli inatokeza pande zote mbili za kichwa hicho. Juu ya ncha, sumaku. Unaivuta hadi sentimita 12, na vipande vyake vinashuka kimoja kimoja kwa kubonyeza kidole. Antena nzuri ni ile iliyokaza kidogo. Iliyolegea inaishusha ndege yenyewe katikati ya zamu, na ugomvi unaanza.

Kanuni niliyoandika: ukipigwa, kila zamu unabonyeza kipande kimoja, na maadamu kuna kipande kilichosimama, mwangalizi anaruhusiwa kutuma sahihisho moja.

Mwenzangu anayecheza upande wa Wajerumani anaipinga. Anasema kipande cha mwisho ni sentimita 2, yaani mita 100, na kutoka mita 100 huwezi kuona kombora linaangukia wapi nyuma ya mikoko ya mita 20. Nilimchorea mchoro kumwonyesha kwamba inategemea umbali. Naye akanichorea wake. Michoro yote miwili ni sahihi, kila mmoja amechagua umbali unaomfaa. Kwa sasa, kwenye kipande cha mwisho tunatupa dadu, na 5 au 6 ndiyo inayoruhusu ujumbe kupita. Yeye anataka iwe 6 peke yake.